Muhtasari wa Kikao cha Paking

Ripoti niliyoisaini ina mstari mmoja:
"Wananchi walitoa maoni."
Niliuandika mimi, kwa kalamu ya ofisi,
na mkono haukutetemeka.
Yaliyobaki nje ni haya.

Jumamosi, mwezi wa kumi, joto la kabla ya mvua,
vumbi jekundu limelala mpaka juu ya ulimi.
Darasa moja la Katuba, madawati ya watoto,
magoti ya watu wazima yakigonga mbao.
Injinia Kapend akafunua maketi ya paking mpya:
kartoni nyeupe, miti ya sponji,
mabasi kama vidonge vya malaria,
na mtu, hata mmoja, hakuna.
"Kidole kimoja," akasema, "ni mita arobaini."

Chola akainuka. Mbebaji,
shingo imezama mabegani kwa miaka ya mahindi.
Akaweka kidole langoni, cha pili, cha tatu,
akamaliza mkono mzima
ndipo akalifikia basi la Kolwezi.
"Mita mia mbili," akasema. "Kwako wewe.
Mimi nina gunia. Kwangu hapo ni Likasi."
Tukacheka. Injinia naye akacheka, kisha akaacha.

Mbadilisha faranka aliuliza habari za kivuli.
Vijana wa pikipiki na makondakta
walirushiana maneno nusu saa nzima;
hayo sikuyaandika, matusi hayana tahajia.
Mwingine alikitetea kichuguu,
kile cha kona ya paking ya sasa,
kirefu kuliko basi, kigumu kuliko moyo wa mtoza ushuru.
Mji mzima huagana hivyo: nitakungoja kichuguuni.
Kwenye kartoni, mahali pake palikuwa tambarare.
"Kitaondolewa."
"Sasa tutangojana wapi?"
Swali likakaa kwenye dawati la nyuma
kama mwanafunzi aliyekataa kutoka nje.

Kisha Mama Ngoie wa chai.
Hotuba hakuwa nayo. Alikuwa na maharagwe
kwenye fundo la kitenge, ya kupika jioni.
"Lango mtafunga saa ngapi?"
"Saa nne usiku, mama. Kwa usalama."
"Basi la Kolwezi likifa njiani
huingia saa nane. La Kasumbalesa, Mungu ndiye ajuaye.
Saa nane mji huu hautembewi.
Wanalala kwangu, wamekaa, vichwa juu ya mabegi.
Nawasha taa, nachemsha maji, nawahesabu.
Jumanne walikuwa kumi na saba. Mmoja na kichanga."

Akafungua fundo.
Akayapanga ndani ya lango jeupe, moja moja,
akihesabu kwa sauti ya mtu aliye peke yake,
mpaka kumi na saba,
halafu kipande, nusu ya haragwe,
akakiegemeza kwa lile la mwisho.
"Hawa utawaweka wapi?"

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi,
feni ilining'inia tu juu yetu.
Mwenyekiti akatazama saa yake.
Kapend alitazama maharagwe.
Nami nikaandika mstari wangu.

Mwezi wa pili, matope, kikao kingine.
Safari hii wengi hawakualikwa.
Mimi niliitwa kubeba karatasi.
Maketi ilikuwa mpya, lango bado la saa nne,
kichuguu hakipo,
na Chola, ambaye hakuwamo chumbani,
angali na Likasi yake.
Lakini pembeni, karibu na ukuta,
chini ya kipaa kisichopewa jina kwenye mchoro,
niliona haragwe moja, na kipande.

Nikanyoosha kidole kuyafuta,
nikidhani yalisahaulika.
Hayakusogea.
Mtu alikuwa ameyatia gundi.